Hirizi ya mwanangu na "malaria iliyojificha": mtu wa sayansi anahitaji falsafa?

Mama Slaidi, Kongowea

Hamjambo ndugu zangu. Nina swali limenikaa kifuani tangu masika, na kazini sina wa kumuuliza. Sisi tuliosomea sayansi, tungekuwa bora lau tungefundishwa na falsafa? Na inakuwaje mtu mmoja adai ushahidi kazini, kisha nyumbani ashikilie jambo lisilo na ushahidi, na moyo wake usimshitaki? Nawaomba msinijibu kabla hamjasikia yaliyonifika, maana swali hili sikulitoa kitabuni.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, huu mwaka wa 11. Kazi yangu kubwa ni damu, na katika damu kubwa zaidi ni malaria. Unaweka tone katikati ya kioo, ndiyo slaidi, unalitandaza kwa ncha ya kioo kingine mpaka ukiliweka juu ya gazeti herufi zisomeke kwa shida, unaliacha likauke lenyewe. Dawa ya Giemsa, ya kutia rangi, ya asilimia 10, dakika 10. Unasuuza taratibu, maana ukimwaga maji kwa nguvu tone lote linabanduka na kwenda zake. Likikauka, mafuta kidogo juu, lenzi ya 100, na safari inaanza: uwanja wa kwanza, yaani duara moja unaloliona ndani ya hadubini, wa pili, wa tatu. Kijidudu kikiwepo utakiona, nukta nyekundu na kipete cha buluu. Usipokiona, huruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka upite nyanja 100. Sheria hiyo sijaivunja hata siku moja, hata saa 10 alfajiri macho yakiwa mazito kama yamepakwa gundi.

Sasa usiku mmoja wa Aprili, saa 9 hivi, kijana wangu wa miaka miwili na miezi minne aliamka na homa kali, akakakamaa mikononi mwangu. Macho yakageuka juu, meno yakaumana, mkono wa kushoto ukawa unapigapiga godoro kama wa mtu anayebisha mlango. Najua la kufanya: mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, tazama saa. Ubavu nilimlaza. Saa sikuitazama. Nilipiga ukelele mpaka jirani wa ghorofa ya juu akateremka.

Mavyaa wangu tunakaa naye. Alikuja na chetezo kishawashwa, sijui aliukoleza saa ngapi ule mkaa, akamfunika mtoto kwa leso yake na kumfukiza ubani. "Amepitiwa na dege huyu," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu. Mtoto akalegea. Kabla ya tuktuk kufika mlangoni, bibi yake alikuwa keshamfunga mkononi hirizi ya ngozi nyeusi, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ile ile aliyoivaa mume wangu akiwa mdogo. Sikumzuia.

Tulivuka daraja la Nyali, barabara tupu, tukaingia pale ninapofanya kazi. Mwenzangu wa zamu alitoa tone la damu kidoleni mwa mwanangu na mimi mwenyewe nikakaa kwenye hadubini. Mikono ilitetemeka, lakini nilisoma. Nyanja 100, kisha 100 nyingine. Mwenzangu akarudia. Hakuna. Kipimo cha haraka nacho kikatoa mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi.

Daktari wa zamu aliitazama karatasi na kuandika malaria. Nikamwambia slaidi imesomwa na watu wawili. Akanijibu, "Imejificha. Nimeona maelfu ya watoto wa namna hii." Nikamuuliza, "Basi ukiona nini ndipo utasema si malaria?" Akasema, "Mama, usiku wa leo wewe ni mzazi. Niachie mimi."

Ndugu zangu, hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kila mwenye homa ya kushukiwa malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kazi yangu yote ina maana gani ikiwa "ndiyo" yangu ni malaria na "hapana" yangu pia ni malaria? Nilifungua kinywa nimjibu. Na hapo nikahisi kitu chini ya kidole gumba changu. Nilikuwa nimempakata mtoto begani, na muda wote wa mabishano yale nilikuwa naisugua hirizi. Nilihisi mishono yake mmoja mmoja. Nikanyamaza. Lau daktari yule angeniuliza, "Nawe ukiona nini ndipo utasema hirizi hiyo haifanyi kazi?", ningemjibu nini?

Asubuhi daktari mwingine alimmulika masikioni. La kulia lilikuwa jekundu, limevimba kwa ndani. Akapewa dawa ya sikio, homa ikashuka siku ya pili, na haijamrudia tena.

Akilini mwangu hesabu naijua. Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika 15, na katika kila watoto 3 hurudiwa kama mmoja. Wafunge hirizi watoto 30, na 20 hivi hawatarudiwa kamwe. Mama 20 watakwenda kumshukuru aliyeishona, na kila mmoja atakuwa na ushuhuda wa kweli wa macho yake. Haya nayajua, naweza kuyafundisha ubaoni. Na hirizi ipo mkononi mwa mwanangu mpaka leo ninapoandika. Nimeifungua mara mbili, na mara zote mbili nimeifunga tena kabla ya magharibi.

Nisaidieni. Je, falsafa ina dawa ya jambo hili?

Fundi wa Gati

Dada, pole sana, na ashukuriwe Mungu mtoto ni mzima.

Mimi nashughulikia kreni bandarini Kilindini, nimesoma fizikia na uhandisi, na nakuambia kwa moyo safi: falsafa sikuwahi kuihitaji. Steven Weinberg, aliyepata Nobeli ya fizikia 1979, katika kitabu chake cha 1992 aliweka sura nzima ya kuipinga falsafa. Aliona kwamba falsafa ikimfaa mwanafizikia, basi mara nyingi ni kwa kumkinga na falsafa za watu wengine. Nakubaliana naye.

Na kuhusu hirizi, usijitese. Nyinyi wa maabara mnamjua Kary Mullis, aliyebuni PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi mpaka ipimike, mwaka 1983 na kupata Nobeli 1993. Mashine mnayopimia wingi wa virusi vya Ukimwi imesimama juu ya kazi yake. Mtu huyo huyo aliamini unajimu wa nyota, na alikana kwamba VVU ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Alikosea vibaya, na maneno ya namna hiyo yameua watu. Lakini PCR inafanya kazi usiku na mchana, haijali aliyeibuni aliamini nini.

Hilo ndilo ninalolishikilia. Sayansi haikai kichwani mwa mtu mmoja. Inakaa kwenye daftari, kwenye mizani iliyokaguliwa, kwa mwenzako anayesoma slaidi ile ile bila kujua wewe umeandika nini. Kreni yangu haipandi kwa sababu mimi ni mtu mwenye akili timamu. Inapanda kwa sababu waya wake unakaguliwa kwa ratiba, na anayeukagua si yule aliyeufunga. Usiku ule wewe ulikuwa mama, nao utaratibu ukafanya kazi yake: nyanja 200, macho ya watu wawili. Hirizi haikugusa slaidi. Basi imekudhuru nini?

Ustadhi wa Makadara

Binti yangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa chuo, nafundisha watoto Qurani na wakubwa fiqhi. Juu ya hirizi wanazuoni wamehitilafiana. Wako walioikataza kabisa, na wako walioruhusu ile yenye aya tupu. Sitakutolea fatwa hapa. Nakujibu lile la falsafa, kwa sababu sisi tunayo hazina na watoto wetu hawaijui.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliuliza juu ya moto na pamba. Pamba ikikutana na moto, inaungua. Lakini jicho lako limeona nini hasa? Limeona kuungua kukitokea *pamoja na* kukutana na moto. Halikuona kuungua kukitokea *kwa sababu ya* moto. Hilo la "kwa sababu" umeliongeza wewe. Miaka zaidi ya 600 baadaye David Hume wa Uskoti akaandika jambo la jamaa moja na hilo. Ibn Rushd wa Andalusia alimjibu Ghazali kwa ukali, kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe. Ugomvi huo haujaisha, nami kila nikiurudia najifunza jipya. Sasa utazame usiku wako. Ubani ulifuka, mtoto akalegea. *Pamoja na* uliiona. *Kwa sababu ya* nani aliiona? Swali hili moja, mwenye kulizoea hawezi kuchukuliwa kirahisi, na mganga wala na daktari.

Na Ghazali huyo huyo alionya kwamba anayebishana na wanajimu juu ya hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi, akidhani anaitetea dini, ameidhuru dini. Hesabu imethibiti, wewe unaipinga, basi watu watadhani dini yako ndiyo iliyokosea.

Nimalizie kwa jambo ambalo huwa linanitoa machozi darasani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga bado. Siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema: limepatwa kwa kufa Ibrahim. Baba aliyetoka kumzika mwanawe, mji mzima unamwambia mbingu zimemlilia. Akasimama akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Tafakari ni nani alikuwa na haki zaidi ya kunyamaza siku ile akafarijiwa na uongo mtamu, naye hakunyamaza.

Mwanafunzi wa Tudor

Da Mama Slaidi, mimi bado nasoma, nisamehe nikiwakatiza wakubwa. Kuna jambo nimeona halijatajwa.

Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Wazande, kule Sudan ya kusini, akaandika kitabu chao 1937. Anaeleza juu ya ghala la nafaka linaloanguka na kuumiza watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawahitaji kufundishwa. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile ile walipokaa watu wale wale. Mchwa hawajibu hilo, uchawi unajibu.

Nilipokusoma niliona bibi yake mtoto naye hakugombana na sikio. Nadhani hata angeonyeshwa lile sikio jekundu angekubali. Yeye anajibu swali jingine: watoto wangapi wameumwa masikio Kongowea wiki ile, kwa nini huyu wetu? Sayansi ikifika hapo inasema bahati, na neno hilo ni gumu kumwambia mtu aliyempakata mtoto. Ndiyo maana viwili hivi vinakaa kichwa kimoja bila kugombana, kila kimoja kina swali lake.

Mama Slaidi, Kongowea

Ahsanteni. Ustadhi, kisa cha kupatwa kwa jua nilikisoma chuoni nikiwa na miaka kumi, nikajibia mtihani, na sikuwahi kukiona hivyo. Nimekaa nacho tangu jana.

Fundi, umenituliza, lakini nina neno. Unasema niamini utaratibu. Ile sheria ya nyanja 100, kuna siku mtu alikaa akajiuliza: kutokuona kunakuwa lini ni ushahidi wa kutokuwepo? Nyanja 10 hazitoshi, 1,000 zitakumaliza na foleni ipo mlangoni. Mtu huyo alikuwa anafanya falsafa, hata kama mkono wake ulikuwa na rangi ya Giemsa. Mimi nimeishika sheria miaka 11 bila kuuliza swali lililoizaa. Na hirizi imenidhuru kwa hili: imenifunga ulimi mbele ya daktari. Nilijiona sina haki ya kumdai ushahidi.

Mwalimu Mstaafu wa Hadubini

Binti, nimewafundisha watu wa maabara mkoa huu miaka mingi, pengine hata mwalimu wako alipita mikononi mwangu. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu umeuliza vizuri.

Kwanza lile swali lako kwa daktari, "ukiona nini ndipo utasema si malaria?" Umelitoa moyoni, lakini lina ukoo. Mwanafalsafa Karl Popper aliliandikia kitabu 1934 huko Vienna. Akiwa kijana alifanya kazi na watoto chini ya daktari wa akili, Alfred Adler. Siku moja, 1919, akampelekea habari za mtoto ambaye yeye Popper aliona hakai sawa na nadharia ya bwana mkubwa. Adler akamweleza mtoto yule bila wasiwasi wowote, na hata hakuwa amemwona. Popper akamuuliza umejuaje. Akajibiwa: kwa uzoefu wangu wa kesi elfu. Popper akamwambia basi na kwa hii zimekuwa elfu na moja. Uone ndiye yule yule daktari wako wa "nimeona maelfu". Maelfu hayo hayana uzito ikiwa kila moja lilihesabiwa kuwa ndiyo kabla halijapimwa.

Mwaka ule ule, Mei 29, Waingereza walipiga picha za nyota jua likiwa limepatwa, katika kisiwa cha Principe na huko Sobral, Brazili, wapate kujua kama mwanga unapinda kiasi alichokisema Einstein. Lau usingepinda, nadharia ingekuwa taabani. Kilichomgusa Popper ni kwamba Einstein aliweka shingo yake mahali inapoweza kukatwa.

Lakini sasa nigeuke upande wa daktari, maana nawe usimwonee. Malaria *hujificha*. Hilo si porojo. Vijidudu vya *falciparum*, ile aina kali ya malaria, vikikomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ya ubongo na ya viungo vingine, na damu ya kidoleni ikabaki na vichache au isiwe na kitu cha kuonekana. Ndiyo maana shaka ikibaki tunarudia slaidi baada ya saa 12 mpaka 24. Kwa hiyo mtu akikuambia imejificha, neno lenyewe si kosa. Utajuaje basi kujificha kwa kweli na kujificha kwa kukimbia?

Sikiliza habari ya Mfaransa mmoja mwanahesabu wa nyota, Urbain Le Verrier. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyoandikiwa na hesabu za Newton. Angeweza kusema Newton kakosea. Yeye akasema kuna sayari nyingine imejificha, inaivuta. Akakokotoa mahali ilipo, akapeleka barua Berlin, na usiku wa Septemba 23, 1846, mtazama nyota wa huko, Galle, akaelekeza darubini na kuikuta karibu sana na pale pale. Ndiyo Neptune. Miaka kadhaa baadaye, 1859, ni Mercury ndiyo iliyopotoka kidogo. Le Verrier akasema lile lile: kuna sayari imejificha karibu na jua. Wakaipa hata jina, Vulcan. Wakaitafuta miaka na miaka. Haikuwepo. Jibu lilikuja 1915 na Einstein, kwamba nadharia ya Newton yenyewe ndiyo iliyopungukiwa pale.

Mtu mmoja, hoja moja, mara ya kwanza shujaa, mara ya pili kapotea. Nimewauliza wanafunzi wangu miaka yote: alikosea nini mara ya pili? Na jibu ni kwamba hakukosea *kuifikiria* Vulcan. Alisema itafutwe wapi, ikatafutwa, haikuonekana, na ndivyo tulivyojua. Kosa lingekuwa kukataa kusema itafutwe wapi.

Basi wewe binti swali lako kwa daktari lilikuwa zuri lakini lilikuwa la kumsukuma ukutani. Lifanye la kazi: "Kama imejificha, tuitafute wapi, na saa ngapi?" Arudie slaidi asubuhi. Atazame masikio na koo na mkojo huku anangoja. Mtoto akiwa mahututi ampe dawa asingoje, hilo halina ubishi, lakini aandike kwamba ni dhana. Daktari mwenye kukubali hayo, malaria yake ni Neptune. Asiyekubali, hata akivaa koti jeupe, anafanya kazi ya mpiga ramli. Huyo Evans-Pritchard aliyetajwa na kijana wa Tudor ameeleza pia namna Wazande walivyoitetea sumu wanayopigia ramli kila ilipokosea: sumu imeharibika, mwiko umevunjwa, kuna uchawi umeingilia. Kila kukosea kuna sababu yake, na ramli haikosi kamwe. Mimi maneno hayo nimeyasikia maabarani, juu ya mashine na juu ya dawa za kupimia, yakisemwa na watu wenye digrii.

Hirizi nayo iulize swali hilo hilo. Usimuulize aliyeishona. Muulize aliyeifunga, na umuulize kwa adabu.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mwanangu, mimi ananiandikia mjukuu. Mimi ni mavyaa wa watu kama huyo wako.

Mwanangu wa pili alishikwa na degedege mwaka 1974, wakati wa kusi. Tulimfukiza. Tulimwita maalim, akaandika kombe kwa zafarani, tukalikosha kwa marashi tukamnywesha. Akatulia, tukasema alhamdulillahi. Usiku wa pili likarudi. Tukafukiza tena. Siku ya tatu tulimpakia mkokoteni kumpeleka hospitali na njiani alikuwa wangu bado, tulipofika hakuwa wangu. Walisema ni homa ya uti wa mgongo, ya kichwani, siku ya kwanza wangeweza kumtibu.

Huyu fundi wa gati ameuliza imedhuru nini. Kwangu mimi ilidhuru siku mbili. Sikosi kumwombea maalim yule, alikuwa mtu mwema na hakuchukua hata senti. Nami mjukuu akiumwa bado nafukiza, mkono wangu hauwezi kukaa. Lakini tuktuk kwanza. Chetezo chaweza kungoja.

Fundi wa Gati

Bi Mkubwa, Mungu amrehemu mwanao. Swali langu nalirudisha, sikulifikiri vya kutosha.

Mama Slaidi, Kongowea

Bi, nimesoma maneno yako nikiwa zamu, nikatoka nje kidogo.

Mwalimu, nimefanya ulivyosema, na nawaletea majibu, maana mmenipa muda wenu.

Alhamisi usiku aliletwa msichana wa miaka minne, homa, slaidi haina kitu. Daktari wa zamu ni yule yule. Nilimpelekea karatasi mwenyewe badala ya kuituma dirishani. Nikamwambia, "Daktari, sijaona vijidudu nyanja 100. Ukihisi imejificha, nikupangie slaidi ya pili saa ngapi?" Alinitazama. Nilidhani atanikata. Akasema, "Saa 12 asubuhi, na nyingine jioni." Kisha akaongeza, "Na mkojo." Akaandika kwenye faili, "homa, chanzo bado kinatafutwa". Miaka 11 sijaona maneno hayo kwenye faili la mtoto pale kwetu. Slaidi ya asubuhi haikuwa na kitu. Mkojo ulikuwa na usaha.

Ijumaa baada ya chakula nilikaa na mavyaa wangu barazani, yeye anachambua mchicha. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, degedege likimrudia naye kaivaa, utasemaje?" Hakufikiri. "Nitasema imemzuilia kubwa zaidi." Nikanyamaza. Akaendelea na mchicha wake, na baada ya muda akasema mwenyewe, "Hata isiporudi nitasema ni hiyo. Najua unalotaka kusema." Sikuwa nataka kusema kitu. Akaniambia kwamba mume wangu alipokuwa mdogo aliwahi kukakamaa mara nne, hirizi ikiwa mkononi, na kila mara aliikaza uzi. Alisema hivyo akitazama majani. Kisha akauliza ile namba ya kijana wa tuktuk nimeiandika wapi. Sasa imeandikwa kwa kalamu nzito ukutani, juu ya swichi ya chumbani, namba kubwa kubwa aweze kuzisoma bila miwani, na chini yake tumetundika saa ya ukutani iliyokuwa sebuleni.

Jana jioni nilimfungua mwanangu hirizi kumwogesha. Sikuifunga tena. Nimeiweka ndani ya mkebe pamoja na kadi yake ya kliniki, bibi yake ameiona hapo na hakusema neno. Usiku nimeamka mara tatu kumpapasa paji la uso. Lilikuwa baridi mara zote tatu.